Kadi Yenye Nafasi Mbili Tupu

Vijana wangu wa chuo, mmeniomba niwaandikie habari za kazi ya kompyuta hapa Ifakara miaka ya tisini, na mwalimu wenu akanisisitizia niweke vichekesho msije mkasinzia. Vichekesho vipo. Mjusi aliwahi kuingia kwenye kompyuta yetu kubwa akakaukia juu ya bodi, na wataalamu wawili waliotoka mjini wakabishana nusu siku kuhusu hitilafu ya programu. Chekeni, ruhusa. Ila mjue siandiki nikiwa na furaha. Kuna mwanamke alifukuzwa kazi na kuitwa mwongo kwa kosa nililolifanya mimi, bisibisi ikiwa mkononi, na kosa hilo ndilo somo pekee la maana nililo nalo la kuwapa. Mengine mtayasoma vitabuni.

Siku hizi mnachomeka waya, taa inawaka, mnaendelea na mambo yenu. Wakati wetu kadi ya mtandao, yaani ile bodi ndogo ya kijani inayowezesha kompyuta moja kuzungumza na nyingine, haikuwa na adabu ya kujitambulisha. Mfumo endeshi ulihitaji draiva, programu ndogo inayojua tabia za kadi hiyo: iko anwani gani ndani ya mashine, inatumia chipu gani, ina kumbukumbu kiasi gani. Hapo ndipo uhuni wa viwanda ulipoanzia. Kiwanda kinatoa kadi mwaka huu, mwakani chipu fulani inaadimika, wanaweka nyingine, wanapunguza hiki na kuongeza kile, lakini jina wanaliacha vilevile. Kiwanda cha jirani nacho kinaiga. Unajikuta na kadi tano za jina moja zenye matumbo matano tofauti, na draiva yako inatakiwa ijue ipi ni ipi.

Mfumo tuliotumia ulikuwa wa bure, ulikuja kwenye rundo la disketi mkononi mwa mgeni mmoja aliyepita. Uzuri wake ni kwamba maandishi ya draiva yalikuwa wazi, unaweza kuyafungua na kuongeza mstari wako. Ubaya wake ni huohuo. Ukishaongeza mstari unaiamuru mashine iijenge upya programu nzima, na kwa mashine zetu zile ulikuwa na muda wa kutembea hadi sokoni, kula wali na perege, kugombana na mtu, kupatana naye, na kurudi ukakuta bado inajenga.

Aliyenifundisha ni Mzee Kasiani, Mpogoro wa Mahenge, aliyekuwa fundi wa redio koli, zile simu za upepo, kabla kompyuta hazijafika bondeni kwetu. Kiingereza chake kilikuwa cha kwenye vifaa tu, na hakuwahi kukaa darasa la kompyuta hata siku moja. Lakini ukimpa kadi, hakuangalia jina. Aliipuliza pumba za mpunga, maana vumbi la mashine za kukoboa lilikuwa linaingia kila mahali, akavaa miwani, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya kila chipu huku akihesabu kwa sauti. Kisha aliuliza mambo matatu. Namba iliyochapwa ukingoni mwa bodi ni toleo la ngapi? Chipu kubwa ni ya nani? Vipande vya kumbukumbu ni vingapi?

"Jina ni la muuzaji," alikuwa akisema. "Wewe hesabu."

Mara ya kwanza nilipojaribu kuandika kipande cha draiva mwenyewe, nilikiambia kiitafute kadi kwa kubisha hodi kwenye anwani zote, na kila mlango kiandike namba kuona kama itajibiwa. Mlango wa tatu haukuwa wa kadi. Ulikuwa wa kifaa kinachoendesha diski. Diski ikaganda, na orodha ya vyandarua vya kata nzima, ya mradi wetu wa utafiti wa afya, ikapotea. Mzee Kasiani hakunigombeza. Aliniuliza kama nyumbani kwetu Lumemo watu huingia kwanza ndani ndipo wapige hodi. Tangu siku ile nilijua: soma kwanza, andika baadaye, na usiandike mahali usipopajua. Hilo nalo andikeni kwenye madaftari yenu, kama bado mnayo.

Sasa tuje kwa Leokadia.

Leokadia alikuwa mdodosaji wetu. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na fomu, kuandika nani amezaliwa, nani ameumwa homa, nani amefariki. Baba yake alikuwa katekista, mtu mkali wa ukweli, na binti alirithi. Alipewa eneo ambalo wengine walilikwepa, ng'ambo ya Kivukoni, kwenye maboma ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Alivuka mto na baiskeli yake, akaipanda hadi njia ilipokwisha, akaisukuma. Alijifunza Kisukuma cha kusalimia. Akina mama waliowafungia milango wadodosaji wengine walimpa yeye kigoda na maziwa, na wakamtajia hata watoto waliozikwa, jambo ambalo mtu hamtajii mgeni.

Wadodosaji wa hapa mjini waliingiza fomu zao kwenye kompyuta kila siku, kidogo kidogo. Yeye alirudi Ijumaa alasiri, matope magotini, wakati ofisi nzima inasukuma nakala za akiba za wiki kwenda kwenye kompyuta kubwa, seva. Alikaa kwenye mashine ya pembeni na kuingiza wiki nzima kwa mkupuo. Kumbukeni hiyo Ijumaa alasiri.

Tulikuwa tumeletewa kadi mbili mpya za seva, jina moja, zimefungwa kwenye mfuko mmoja. Ya kwanza niliifungua pamoja na Mzee Kasiani. Akapitisha ukucha: vipande vinne vya kumbukumbu. Nikafurahi. Kila kadi huwa na namba yake ya kuzaliwa, na sehemu ya mwanzo ya namba hiyo hutaja kiwanda, kwa hiyo nikaandika kwenye draiva mstari mmoja: ukiona namba inayoanza hivi, kumbukumbu ni kubwa, itumie yote. Ikaenda vizuri sana. Tena kwa kiburi cha ujana nikazima hesabu ya uhakiki, ile inayoikagua kila taarifa kama imefika salama, ili seva iende haraka zaidi. Ofisi nzima ilinisifia. Daktari, bosi wetu, alinipigia makofi mbele ya watu.

Masika ile radi ikapiga, kadi ikaungua. Nikachukua ya pili. Mzee Kasiani alikuwa amebakiza wiki chache astaafu, yuko mlangoni anafungasha bisibisi zake kwenye kitambaa. Wadodosaji walikuwa wamesimama wananisubiri, Daktari ananiuliza kila baada ya dakika tano tumefikia wapi.

"Umehesabu?" mzee akaniuliza.

"Nimehesabu, mzee."

Sikuwa nimehesabu. Niliitoa kwenye mfuko na kuichomeka. Draiva ikaisoma namba yake, ikakuta inaanza vilevile, ikaridhika. Nikaijaribu kwa mashine moja, taarifa zikapita safi. Nikafunika seva na kukaza skrubu.

Na mimi ni mtoto wa bonde la mpunga! Nimekulia kwenye minada ya Kiberege, nikimwona mama yangu anavyonunua mchele. Mnunuzi wa kwetu haangalii juu ya gunia. Anatumia bambo, kile chuma chenye tundu anachokichoma guniani kikatoka na punje, na anachoma juu, katikati, chini, na kila gunia, hata yawe ya muuzaji mmoja, hata awe shemeji yake, kwa sababu anajua mchele mzuri huwekwa juu na chenga hukaa chini. Mtoto wa darasa la pili Kiberege analijua hilo. Mimi nilichoma gunia moja nikapokea mawili.

Kadi ya pili ilikuwa na kumbukumbu nusu ya ile ya kwanza. Sasa mniulize mbona ilifanya kazi. Kumbukumbu ya kadi ni kibaraza ambacho taarifa hukaa kusubiri mashine izisome. Draiva yangu iliamini kibaraza ni kikubwa. Taarifa zikija chache, zinasomwa upesi, hakuna anayejua tofauti. Zikija nyingi kwa mara moja, zile za nyuma zinapelekwa kwenye nafasi isiyokuwepo, na kadi inazirudisha mwanzo, zinakaa juu ya zile ambazo hazijasomwa. Seva inasoma mtoto wa nyumba hii ndani ya familia ya nyumba ile, na hailalamiki, kwa sababu uhakiki uliopaswa kulalamika nilikwisha kuuzima mimi mwenyewe. Na taarifa zilikuja nyingi siku moja tu kwa wiki, kwa mtu mmoja hasa, aliyetoka mbali kuliko wote.

Baada ya miezi michache msimamizi wetu alivuka Kivukoni na karatasi zilizochapwa kutoka kwenye kompyuta, kuhakiki. Kwenye boma la kwanza karatasi ilisema mama amezaa watano na wawili wamekufa. Alimkuta bibi harusi ambaye hajazaa. Kwenye boma la pili akataja jina la mtoto aliyefariki kwa homa, na mtoto huyo akatokea nyuma ya zizi anachunga ndama. Mama yake alipiga yowe.

"Nani ameandika mwanangu amekufa? Huyo Leokadia? Nilimpa maziwa humu ndani!"

Mnajua wenyewe uzito wa kumwandikia kifo mtoto wa mtu aliye hai. Habari ilifika Ifakara kabla msimamizi hajashuka kwenye gari.

Tuliitwa ofisini kwa Daktari asubuhi ya Jumatatu. Leokadia alikuja na gauni lake la kanisani, kwa sababu alidhani ni kikao cha kawaida na wageni watakuwepo. Daktari aliweka karatasi mezani akamwambia amepika data. Ndilo neno lililokuwepo kwa mdodosaji anayekaa chini ya kivuli na kujaza fomu kwa kubuni, na kwa watu wa kazi ile hakuna tusi kubwa kuliko hilo.

"Mimi sijapika, Daktari," alisema. "Nyumba zote nimefika. Fomu ziko kwenye kabati la stoo. Zifunguliwe zilinganishwe."

"Fomu umeziandika wewe mwenyewe. Zitanithibitishia nini?"

"Zilinganishwe na kompyuta. Mimi sikuandika haya yaliyoko hapa." Akanigeukia. "Kaka fundi, si unaijua hiyo mashine? Haiwezi kuchanganya?"

Daktari naye akanitazama. "Fundi, mashine inaweza kukosea namna hii?"

Wanangu, muda wa kufikiri nilikuwa nao. Ilinipitia kichwani picha ya kadi ikitoka kwenye mfuko. Nilimkumbuka mzee mlangoni na swali lake. Nilijua sijahesabu. Sikujua kama kosa liko pale, lakini nilijua liko mahali ambapo linaweza kuwa, na hilo lilitosha kusema, "Daktari, nipe siku moja niangalie." Maneno matano tu. Lakini nilikuwa fundi niliyepigiwa makofi, na Mzee Kasiani alikuwa amekwisha ondoka, na ofisi nzima ilikuwa imesimama dirishani inasikiliza.

"Mashine haipiki data, Daktari," nilisema.

Mtu mmoja dirishani akacheka. Mimi nikaangalia chini, kwenye viatu vyangu. Leokadia hakulia wala hakunitukana. Alivua kitambulisho shingoni, akakunja kamba yake vizuri, akakiweka juu ya zile karatasi na kutoka. Baiskeli ilikuwa ya mradi, kwa hiyo alirudi nyumbani kwa miguu katikati ya mji, na gauni la kanisani.

Nafasi yake akapewa kijana mwingine, naye akawa anarudi Ijumaa alasiri. Taarifa zake zikaanza kuja na watoto wa nyumba hii kwenye nyumba ile.  Nilizima seva saa nne asubuhi watu wakilalamika, nikafungua skrubu zilezile nilizozikaza mwenyewe, nikachomoa kadi na kupitisha ukucha. Kimoja. Viwili. Pembeni palikuwa na nafasi mbili tupu, zimechorwa kabisa umbo la chipu kwa rangi nyeupe, matundu yake yamezibwa kwa risasi ya kulehemia, hazina kitu. Ukingoni toleo lilikuwa limechapwa waziwazi, tofauti na lile la kwanza. Mtoto angeliona.

Nikaenda stoo. Kabati halikuwa hata na kufuli. Fomu za Leokadia zilikuwa zimepangwa kwa boma, kila fungu na uzi wake, mwandiko wa shule ya masista. Nilisoma ya bibi harusi: hajazaa. Nilisoma ya yule mtoto mchunga ndama: hai, anachunga. Nilikaa chini kwenye sakafu ya stoo na nikazisoma zote.

Daktari nilimwambia siku ileile, hilo angalau nililifanya. Alinisikiliza akiwa anatia sahihi barua nyingine.

"Ripoti imekwenda," alisema. "Wafadhili wameambiwa tulikuwa na mdodosaji mbaya na tumemwondoa. Unataka niwaambie tena kwamba tulikuwa na fundi mbaya? Rekebisha hiyo draiva, zirudie fomu, tuendelee."

"Na Leokadia, Daktari?"

"Leokadia gani tena? Fundi, nenda kafanye kazi."

Nikaenda kufanya kazi. Namchukia mtu yule mpaka leo, lakini msije mkadhani ndiye aliyenifunga mdomo. Ulikuwa mdomo wangu.

Draiva niliirekebisha vizuri, na kwa kuwa ni kazi nzuri nawaeleza. Niliacha kuamini namba ya kuzaliwa. Nikaiambia draiva, baada ya kuhakikisha hapa ni kwenye kadi kweli, iandike alama kwenye nafasi za juu za kumbukumbu, halafu ikasome nafasi za mwanzo. Kama alama imetokea mwanzo, basi huko juu hakuna kitu, kadi inadanganya, hesabu nusu. Ni ukucha wa Mzee Kasiani niliouandika kwa programu. Uhakiki nikauwasha. Na juu ya mistari hiyo nikaandika maelezo, kama fundi mwadilifu, kwamba kadi hizi ni za aina mbili chini ya jina moja na ya pili ina kumbukumbu ndogo, asiiamini mtu. Nilipewa barua ya pongezi. Ninayo.

Leokadia sikumtafuta. Nilimwona kwa bahati miaka kadhaa baadaye, mnadani Kiberege, amevaa kanga mbili, anawanunulia mchele wafanyabiashara, bambo mkononi. Nilisimama pembeni nikamwangalia akichoma gunia moja mahali patano, punje anazimimina kiganjani, anazitazama juani, anahamia gunia linalofuata. Muuzaji alikuwa analalamika kwamba yote ni ya shamba moja. Yeye alichoma.

Nikamsogelea nikamwambia yote. Kadi, ukucha, kabati, Daktari. Nilidhani atapiga kelele, na nilitamani apige.

"Nilijua siku ileile," alisema. "Ulivyoangalia viatu."

"Nisamehe, dada."

"Mimi nimeshapata kazi yangu, kaka fundi. Lakini baba alikufa anaamini nilipika. Padri alipokuja kumpaka mafuta, alimwomba aniombee mimi, mwanawe mwongo. Nilikuwepo chumbani, nimemshika mkono." Akamimina punje kiganjani, akazirudisha guniani. "Ng'ambo ya mto nako sijawahi kurudi. Yule mama alinipa maziwa. Kama unataka kitu, iandike mahali. Usiniambie mimi, mimi naijua."

Nikasema nitaandika. Hiyo ni zaidi ya miaka ishirini sasa. Mradi ulifungwa, fomu zikaliwa na mchwa, Daktari alihama. Kila mwaka nilijiambia nitaandika nikistaafu, na nilipostaafu nikajiambia mniombe kwanza.

Maelezo ya kadi niliyaandika siku ileile nilipoigundua, mistari mitatu iliyonyooka, na mtu niliyempa nakala ya draiva ile aliniambia bado imo kwenye mashine fulani mpaka juzi. Kipande cha bodi kilichotudanganya kilipata mtu wa kukiandikia ukweli wake saa hiyohiyo. Binti wa katekista hakupata.

Basi someni, na mkawasomee na wazazi wenu walio ng'ambo ya mto. Leokadia hakupika data. Nyumba zote alifika, na watoto wote aliwaandika kama alivyowakuta. Fomu zake zilikuwa sahihi. Nilizisoma zote mimi mwenyewe, nikiwa nimekaa chini, na nikazirudisha kabatini nikafunga mlango.